Mbwa wangu kaibiwa, na kuna mtu anapiga simu anataka laki tatu. Nimlipe?

SWALI: Shikamoo daktari. Nakaa Goba, Dar. Nina mbwa jike, German Shepherd, anaitwa Sheba, ana miaka miwili. Jumamosi usiku katolewa ndani ya fensi, asubuhi tumekuta geti dogo limerudishiwa tu na kola yake iko chini. Hatukusikia hata kubweka. Nimebandika matangazo mtaani na kurusha kwenye status, sasa tangu jana kuna mtu anapiga anasema anaye, anataka laki tatu ila kwanza nimtumie elfu hamsini ya nauli. Polisi nilienda, wakaniambia mbwa tu huyo, nunua mwingine. Ana chipu, aliwekewa na aliyeniuzia. Nimlipe huyu mtu? Na hiyo chipu haiwezi kuonyesha alipo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na la hela maana ndilo linaloweza kukuumiza leo leo: usitume hiyo hamsini. Mtu mwenye mbwa wako mkononi hana shida ya nauli, ana shida ya kumtoa mbwa kwake bila kukamatwa. Anayeomba nauli kwanza kwa kawaida hana mbwa, ana tangazo lako tu. Ni wale wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", wamebadilisha maneno basi. Wanapita kwenye magrupu wanatafuta mtu aliyepoteza kitu anachokipenda, hati, mtoto, mbwa, chochote, kwa sababu mtu wa namna hiyo anatuma hela kabla hajafikiria.

Kumpima ni rahisi. Akipiga tena usimgombeze, ongea naye vizuri tu, mwambie umefurahi, halafu chomekea swali la uongo: "Ni yule mwenye kovu mguu wa nyuma wa kushoto, eti?" Kama Sheba hana kovu hilo na jamaa anajibu "ndiyo huyo huyo", umeshamaliza naye. Akikwepa, mwombe apige video sasa hivi, mbwa akiwa amewekewa kandambili au ndoo pembeni yake, kitu ambacho hakiwezi kuwepo kwenye picha ulizorusha wewe. Mwenye mbwa atapiga, haimchukui dakika tano. Tapeli ataanza simu yangu haina kamera, bando limeisha, niko kazini. Kingine, ingia kwenye menyu ya kutuma hela kama vile unamtumia, jina la aliyesajili laini litatokea kabla hujathibitisha, piga skrinishoti halafu ghairi. Laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole kwa hiyo hilo jina ni mahali pa kuanzia, ingawa mara nyingine unakuta ni la bibi wa watu kijijini ambaye hajui kama ana laini hiyo. Ukishajiridhisha ni tapeli, ripoti namba yake kwenda 15040 na uhifadhi meseji zote usifute hata moja.

Na wewe pia umempa kazi rahisi. Najua hukuwa na namna, bila shaka umeandika kila kitu kwenye tangazo: jina, rangi, umri, mpaka kwamba ni mpole kwa watoto. Leo badilisha tangazo, ubakize picha nzuri mbili, ya ubavuni na ya uso, eneo, tarehe na namba ya simu ambayo si ile ya kwenye akaunti yako ya hela. Na alama moja usiitaje kabisa popote, iwe siri yako na mwenzako. Kagua picha zake za zamani, utaipata: doa jeusi kwenye ulimi, kucha moja nyeupe katikati ya nyeusi, chuchu moja isiyo sawa na nyingine, mkwaruzo ndani ya sikio. Hiyo ndiyo itakusaidia siku ukisimama mbele ya mtu anayekwambia mbwa ni wake.

Kuhusu zawadi, unaweza kuitangaza, ila usiandike "hakuna maswali". Watu wanadhani hiyo ni busara, kumbe kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kutangaza zawadi ya kitu kilichoibwa huku ukiahidi kwamba hakuna atakayeulizwa ni kosa, kifungu kimetoka enzi za Mwingereza na bado kipo. Sababu yake inaeleweka: tangazo la hivyo linamfanya mwizi kuwa mfanyabiashara. Lady Gaga mwaka 2021 aliibiwa mbwa wawili kule Los Angeles, French bulldog, kijana aliyekuwa anawatembeza akapigwa risasi ya kifua akapona kwa shida. Akatangaza dola 500,000 na maneno hayo hayo ya hakuna maswali. Mama mmoja akawarudisha mbwa, baadaye polisi wakasema anajuana na watuhumiwa, akashtakiwa, na bado akaenda mahakamani kumdai Lady Gaga hela yake ya zawadi. Kesi ikatupwa. Lililonishangaza zaidi mimi ni polisi kusema wezi hawakujua hata mbwa ni wa nani, walichoona ni aina ya mbwa yenye bei.

Hapo tunarudi kwa Sheba, maana ulichonieleza kuhusu ule usiku kina habari nyingi kuliko simu ya huyo bwana. German Shepherd jike mwenye akili zake, usiku, ndani ya kwao, hakubweka. Kola imevuliwa, haijakatwa, si ndiyo? Angalia ile bizimu ya kola, pale inapofungwa. Kama ni ya chuma na haijaharibika basi kuna mtu kamsogelea shingoni akaifungua taratibu na mbwa akakubali. Kuna njia mbili tu za kufika hapo. Ama alipewa kitu, ama anamfahamu mtu.

Ya kwanza ichunguze leo kabla hapajafagiwa: kona za fensi, nyuma ya banda, chini ya maua. Unatafuta kipande cha nyama, utumbo, karatasi ya nailoni yenye damu, matapishi. Ukikuta usishike kwa mkono, vaa mfuko wa plastiki, weka kwenye mfuko mwingine uufunge, andika tarehe, na kama una mbwa mwingine au kuku wasipite hapo kabisa.

Ya pili ndiyo naiona mara nyingi zaidi. Kaa na mwenzako muandike majina ya kila aliyewahi kumlisha, kumwogesha au kumfunga cheni: mlinzi aliyeondoka, fundi aliyekaa kwenu wiki nzima akijenga ukuta, kijana wa kuogesha mbwa, rafiki wa dada wa kazi. Na jiulize hili: kuna mtu alikuja miezi ya karibuni kuomba dume lake limpande Sheba, au kuuliza tu "huyu ameshazaa"? Jike la kizungu la miaka miwili haliibwi kwa ajili ya ulinzi. Linaibwa kwa ajili ya tumbo. Uzao mmoja wa German Shepherd unaweza kuwa watoto sita, nane na zaidi, na kila mmoja anauzwa kwa hela ya maana, kwa hiyo aliyemchukua ana sababu zote za kumlisha na kumficha. Hiyo ni habari nzuri kwako kuliko unavyofikiri, maana mbwa yuko hai, yuko kwenye banda fulani, na banda lenye German Shepherd mgeni majirani wanalijua. Kama alikuwa kwenye joto au anakaribia, basi hata muda wa wizi haukuwa wa bahati mbaya.

Majina hayo lakini yabaki kwenye daftari. Usiyarushe mtandaoni. Nimeona watu wanaweka picha ya mlinzi wa zamani, "huyu ndiye mwizi wa mbwa wangu", baadaye inaonekana siye, na wao ndio wanaitwa kituoni kwa kumchafua mtu. Halafu tunaijua miji yetu, neno "mwizi" likipigwa kelele barabarani kuna mtu anaweza kufa kabla hujaeleza kwamba ulikuwa unauliza tu. Ukimwona Sheba na mtu, usipige kelele, usimkimbilie. Piga picha, fuata kwa mbali, mpigie mwenyekiti wa mtaa na polisi.

Sasa chipu. Wengi wanadhani ni kama kifaa cha kufuatilia gari. Hapana. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele kinachokaa chini ya ngozi kati ya mabega, hakina betri, hakina GPS, hakitumi chochote kwenda popote. Kinalala humo miaka yote mpaka mtu apitishe skana juu yake, hapo kinajibu namba yenye tarakimu 15, basi. Namba yenyewe haina jina lako wala simu yako. Jina linakaa kwenye daftari fulani, ama la daktari aliyeweka, ama kwenye mfumo wa kampuni iliyotengeneza ukisajili, na hapa kwetu hatuna daftari moja la taifa ambalo daktari yeyote anaweza kufungua akaona ni mbwa wa nani. Ndiyo maana chipu nyingi Dar ni namba tu zisizo na mwenyewe.

Kwa hiyo fanya haya leo. Mpigie aliyekuuzia, akupe namba na jina la daktari aliyeiweka. Angalia kadi ya chanjo, huwa kuna kistika kidogo chenye mistari na ile namba. Ukiipata, itafute kwenye mtandao imesajiliwa wapi, na kama bado ipo kwa jina la muuzaji mwombe aihamishe kwako, akuandikie na karatasi ya mauziano kama hamkuandikishana. Halafu tuma namba kwa kliniki za mifugo zote unazoweza, Goba, Mbezi, Tegeta, Kinondoni, mpaka Kibaha na Bagamoyo, pamoja na picha. Waambie hivi: akija jike wa aina hii ambaye "kadi imepotea", naomba mumpitishe skana. Mwizi wa mbwa wa kuzalisha atafika kwa daktari siku moja, kwa sababu mnunuzi wa watoto anataka kadi ya chanjo. Na waombe wapitishe skana mwili mzima, si mabegani tu, maana chipu nyingine zinahama taratibu mpaka kwenye bega au juu ya mguu, mtu anapitisha mara moja anasema hana kitu.

Wenye iPhone wataniuliza kuhusu AirTag, kile kidude cha Apple cha kutafutia vitu. Hiyo haina GPS, inategemea simu za Apple za watu wanaopita karibu ndiyo ikwambie ilipo, na mitaa yetu imejaa Android. Kola ya GPS yenye laini ni bora zaidi, lakini wewe mwenyewe umeona kola iko wapi. Ni kitu cha kwanza kuvuliwa. Inafaa kwa mbwa anayetoroka mwenyewe, ila kwa mbwa anayeibwa inakupa dakika chache tu.

Polisi. Hapa nitasema ukweli, "mbwa tu huyo" utaisikia tena, na sababu moja ni kwamba watu wanaenda kituoni wakiwa na huzuni bila karatasi. Askari anahitaji kitu cha kuandika. Na mbwa kwenye sheria yetu ni mali ya mtu, kumchukua ni wizi kama wizi mwingine. Inachekesha kidogo kwamba wizi wa mifugo umepewa kifungu chake chenye adhabu kali na orodha ndefu, farasi, punda, ngamia, ng'ombe, mbuzi, nguruwe, hata mbuni yumo, mbwa hayumo. Lakini kutokuwemo humo hakumtoi kwenye wizi wa kawaida, na aliyempokea huku akijua kaibwa naye ana kosa lake. Uingereza walichoka na hili la mbwa kuhesabiwa kama televisheni, mwaka 2024 wakapitisha sheria ya peke yake ya kuteka mbwa na paka, kifungo mpaka miaka mitano. Sisi tufanye kazi na tulichonacho.

Rudi na bahasha: nakala ya kadi ya chanjo, karatasi ya mauziano au meseji za malipo, picha za Sheba akiwa mdogo na akiwa nyumbani kwako, namba ya chipu, ile namba ya simu ya tapeli na jina lake, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba wewe ni mkazi na mbwa anafahamika ni wako. Taja thamani kwa shilingi. Usiseme "mbwa wangu amepotea", sema "nimeibiwa mali, ndani ya uzio wangu, usiku". Wakikwambia ujaze ile ripoti ya mtandaoni ya kupotelewa, waeleze kwa heshima kwamba hujapotelewa, umeibiwa. Unachotaka ni RB namba, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, ambayo ni bure. Aliyepo kaunta akikataa omba kumwona mkuu wa kituo, bila kelele. RB ndiyo itakayokufanya usionekane mgomvi siku ukigonga geti la mtu na askari.

Kutafuta sasa. Mtandaoni usitafute jina lake, tafuta matangazo. Kurasa za Instagram na magrupu ya WhatsApp ya wauza mbwa ya Dar, na Morogoro na Arusha usiache, maana mbwa wa wizi anapelekwa mahali ambapo sura yake haijulikani. Maneno ya kutilia shaka ni "jike kubwa, tayari kupandishwa, bei ya kutupa, mwenyewe anasafiri", halafu hakuna picha yake ya utoto hata moja. Ukimwona anayefanana, usiandike kwenye komenti "huyo ni wangu", tangazo litafutwa ndani ya dakika. Piga skrinishoti ya ukurasa na namba, halafu mtumie ndugu yako aulize kama mnunuzi, aombe video akitembea na picha ya mdomo wazi "kuangalia meno". Hapo utaona ulimi. Ikilingana na ile alama yako ya siri, nenda na RB yako kwa polisi, makutano ya kununua yapangwe na wao. Usiende peke yako na hela mfukoni, nakuomba sana.

Mtaani, ongea na wasiopewa umuhimu: wauza nyama na utumbo (kuna mtu kaanza kununua mabaki ya mbwa ghafla?), bodaboda na bajaji wa kijiwe cha karibu waliokesha Jumamosi, kijana wa duka la dawa za mifugo, wakusanya taka wanaoingia kila geti, na watoto. Watoto wanajua mbwa wote wa mtaa kwa majina. Afisa mifugo wa kata pia mpe picha, kwanza ndiye anayezunguka na chanjo ya kichaa cha mbwa, anaona mabanda ambayo wewe hutayaona. Na kama mwizi alishindwa naye akatoroka, Sheba anaweza kuwa anazurura na hofu yake, kwa hiyo kila jioni weka nje ya geti shuka lake ambalo halijafuliwa na maji. Mbwa mwenye hofu usimkimbize ukiita jina, atakimbia hata wewe uliyemlea. Kaa chini, mgeuzie ubavu, ongea sauti ya kawaida, upepo ukimfikishia harufu yako ndipo atajua ni nani.

Hilo la harufu likumbuke hata kituoni. Kuna askari wanapenda kufanya mtihani, mdai huyu aite, na yule aite, tuone mbwa anaenda kwa nani. Mbwa aliyekaa siku kadhaa kwa mtu mwingine anayemlisha, yuko kwenye kelele na amefungwa kamba, anaweza kusimama tu akikuangalia. Watu wameshaambiwa "hata hakujui" kwa sababu hiyo. Omba upewe dakika chache naye pembeni, na weka mezani alama yako ya siri kabla mdomo haujafunguliwa, yaani mwambie askari ulimi una nini kabla yeye hajautazama. Kisha skana. Mwombe daktari wa karibu aje nayo. Kadi yako na ngozi ya mbwa zikisema namba moja, mabishano yameisha.

Akirudi, usimchanganye siku hiyo hiyo na mbwa wengine. Mlete kliniki kabla hajaingia bandani: kupe, viroboto, ukurutu, damu ipimwe ugonjwa wa kupe, na chanjo ya kichaa irudiwe hata kama kadi inaonyesha bado, kwa kuwa hujui aling'atwa na nani huko. Na umwambie daktari moja kwa moja kwamba anaweza kuwa amepandwa. Mimba ya mbwa ni takribani siku 63, ukija mapema tuna njia ya kuizuia au kumfunga kizazi moja kwa moja kama hukuwa na mpango wa watoto, ukija tumbo limeshashuka tunabaki na kazi ya kuzalisha tu. Hesabu kuanzia ile Jumamosi, iandike kwenye kadi. Na ukipata ile namba ya chipu nitumie, niisambaze kwa madaktari wenzangu leo hii.